Kasoro iandikwe na mwenye karatasi

Mtoto wa familia iliyokimbia vita hupata majina mapya haraka. Akifika kwa familia inayompokea, au chini ya hema, wiki haijaisha tayari anaitwa mwoga kwa sababu hakutaka kwenda kuchota maji peke yake. Mwingine anaitwa mkaidi. Mwingine anaitwa mwizi kwa sababu siku moja kiazi kimoja kilipotea na yeye ndiye aliyekuwa karibu na sufuria. Majina ya namna hiyo yanashika kama moshi kwenye nguo. Mwaka unapita, kiazi kimesahauliwa, jina limebaki.

Kuna mchezo mmoja ambao watu wake wamesumbuka miaka mingi na swali hilo hilo: kasoro ya mtu ifanyweje? Ifichwe? Iadhibiwe? Ilipwe? Majibu waliyoyapata yanafaa kusikilizwa hapa Kivu, hata na watu ambao hawatacheza mchezo huo hata siku moja.

Mchezo wenyewe

Watu wanne au watano wanakaa kuzunguka meza, au mkeka kama meza haipo. Mmoja wao ni msimulizi. Yeye anaeleza mahali, saa, hali ya hewa, na nani anabisha hodi. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, mtu wa kubuni ambaye habari zake zimeandikwa kwenye karatasi moja. Msimulizi akimaliza kueleza anauliza: unafanya nini? Mchezaji anajibu kwa niaba ya mhusika wake. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu au litashindikana, dadu inarushwa, kama ile ya ludo, na dadu inaamua. Hakuna wa kwanza kufika mwisho. Hadithi inayotungwa na wote pamoja ndiyo mchezo.

Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuuzwa na kujulikana sana ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Leo kuna michezo mingi ya namna hiyo. Familia za Kongo zilizopelekwa Marekani au Kanada baada ya miaka ya kungoja Nyarugusu kule Tanzania au Nakivale kule Uganda zinaweza kukutana nayo, kwa kuwa maktaba nyingi za umma za huko zina vikundi vya vijana vinavyocheza. Mzazi anayemwona mwanawe na karatasi yenye namba na jina la shujaa asishtuke. Mtoto anatunga hadithi na wenzake.

Karatasi ya mwanzo ya 1974 ilihesabu nguvu, akili, wepesi na mambo kama hayo. Hasira haikuwa na nafasi yake. Tamaa, kiburi na woga pia. Mchezaji aliweza kusema mhusika wake ana kiburi, lakini kanuni za mchezo zilinyamaza. Kiburi hicho hakikumgharimu kitu na hakikumpa kitu. Kikawa pambo tu. Walioendelea kutunga michezo walitaka kasoro ifanye kazi, na wakapita njia tatu.

Njia ya kuuza kasoro

Njia ya kwanza ilikuwa kuifanya kasoro iwe bidhaa. Champions, mchezo wa mwaka 1981, na GURPS, uliotungwa na Steve Jackson mwaka 1986, ilimpa mchezaji pointi kila alipoandika kasoro kwenye karatasi. Mhusika ana adui anayemwinda, pointi. Ana hasira za haraka, pointi. Pointi hizo zilinunua nguvu au ujuzi.

Hesabu inaonekana ya haki, lakini ina tundu. Mchezaji mjanja anaandika kwamba mhusika wake anaogopa maji marefu. Analipwa palepale. Anatumia pointi kununua ustadi wa upanga. Kisha hadithi nzima inapita milimani, wala ziwa halionekani hata kwa mbali. Kasoro imelipwa na haijafanya kazi hata siku moja. Ni sawa na mtu aliyechukua zamu ya kwanza ya likelemba, kisha akahama avenue kabla ya kuwachangia wenzake. Kosa liko kwenye saa ya malipo. Pesa ilitoka kabla ya mzigo kubebwa.

Njia ya mizani

Njia ya pili ilikuja mwaka 1985 katika mchezo wa Pendragon, uliotungwa na Greg Stafford kuhusu mashujaa wapanda farasi wa mfalme Arthur. Humo kila mhusika ana jozi 13 za tabia. Ujasiri umepangwa na woga, ukarimu umepangwa na uchoyo, ukweli umepangwa na udanganyifu. Kila jozi inajumlisha 20. Mwenye ukarimu wa 14 ana uchoyo wa 6, apende asipende. Tabia ikijaribiwa, mchezaji anarusha dadu yenye nyuso 20 na kuona ni upande gani unashinda siku hiyo. Na matendo yake, akiyarudia, yanaweza kusogeza namba.

Mizani hiyo ina hekima. Hakuna anayepewa wema mtupu, na hakuna anayepewa ubaya mtupu. Mtu anayeitwa mchoyo kijijini ana ukarimu wake, hata kama ni wa 3, na ipo siku utatokea. Lakini kuna ugumu pia. Dadu ikianguka vibaya, inaweza kuonekana kama yenyewe ndiyo iliyoamua kwamba mhusika atakimbia, na mchezaji anabaki kutazama. Watu waliokwisha kuamuliwa mambo mengi na wengine, wapi pa kulala, lini pa kuhama, hawana hamu ya kuamuliwa tena na kipande cha plastiki.

Njia ya kulipa wakati kasoro inapouma

Njia ya tatu inaonekana vizuri zaidi katika mchezo wa Fate, ambao kitabu chake kinachotumika sana kilitoka mwaka 2013. Humo kasoro haiandikwi kwa namba, inaandikwa kwa sentensi. Wakati wa kuanza hailipwi chochote. Inangoja. Ikifika saa ambayo kasoro hiyo inaweza kumwingiza mhusika matatani, msimulizi anamnyooshea mchezaji kipande kimoja cha malipo na kumwambia ni matata gani. Mchezaji akikubali, anachukua kipande na matata yanaingia. Akikataa, analipa kipande chake mwenyewe, na mhusika anaishinda tabia yake kwa siku hiyo. Vipande alivyokusanya atavitumia baadaye kujisaidia pale dadu inapomkatalia.

Hata Dungeons & Dragons, katika toleo la 2014, iliweka nafasi ya kasoro kwenye karatasi. Mchezaji anayeiigiza tabia ya mhusika wake vizuri anaweza kupewa ruhusa ya kurusha dadu mbili na kuchagua iliyo kubwa. Lakini mpango huo unategemea msimulizi akumbuke, na mtu hawezi kuweka ruhusa zaidi ya moja. Kwa hiyo kwenye meza nyingi kasoro imebaki kuwa maandishi yanayosomwa siku ya kwanza tu.

Kati ya njia tatu, ya tatu ndiyo bora, na mfano wa nyumbani unaweza kuonyesha kwa nini.

Mama Neema na sanduku

Chukua wachezaji watatu na msimulizi. Hakuna kitabu, hakuna umeme, hakuna simu. Kuna karatasi tatu, dadu moja ya ludo, na vifuniko vya chupa, vile ambavyo watoto huchezea dame. Kila mchezaji anaanza na vifuniko viwili. Jambo likiwa gumu, dadu inarushwa: 4 au zaidi, limefaulu. Kifuniko kimoja kikilipwa kinaongeza 2. Kanuni zimekwisha.

Mchezaji wa kwanza anaandika: Mama Neema, muuza ndagala, mhazini wa likelemba ya wamama kumi. Kasoro yake: hawezi kusema hapana kwa mtu wa familia. Wa pili anaandika: Mama Riziki, ambaye Jumamosi hii ni zamu yake kupokea, na anataka kununua gunia la maharagi aanze biashara. Kasoro yake: anakumbuka kila deni, hata lililokwisha kulipwa. Wa tatu anaandika: Bahati, kijana wa pikipiki atakayebeba gunia. Kasoro yake: hakubali kuonekana hajui njia.

Ni Alhamisi jioni. Msimulizi anaeleza: shemeji wa Mama Neema amefika, hata hajakaa. Mtoto wake ana homa tangu jana. Kituo cha afya kinataka pesa. Atarudisha kabla ya Jumamosi. Sanduku liko chini ya kitanda. Kisha msimulizi anaweka kifuniko kimoja katikati ya mkeka, ananyamaza.

Mchezaji wa Mama Neema anaweza kukichukua. Pesa inatoka kwenye sanduku, na Jumamosi inakaribia. Mchezaji wa Mama Riziki anashika kichwa, kwa sababu yeye amesikia yote ingawa Mama Riziki mwenyewe wa kwenye hadithi hajui lolote. Au mchezaji wa Mama Neema anaweza kulipa kifuniko chake na kukataa. Kwa nini kukataa kunagharimu? Kwa sababu kwa mtu wa aina ile kukataa ni kazi nzito kweli. Anayejua kusema hapana hawezi kuelewa uzito huo. Baada ya kulipa, mchezaji anatakiwa aseme Mama Neema amekataa kwa maneno gani, shemeji akiwa amesimama mlangoni.

Ikiwa alikubali, Jumamosi inafika na shemeji haonekani. Wamama kumi wamekaa. Mama Riziki anadai, na anataja pia deni la mwaka jana ambalo lilikwisha kulipwa. Mama Neema anajaribu kuwaomba wiki moja. Dadu inaanguka 3. Imeshindikana. Lakini ana kile kifuniko cha Alhamisi. Anakilipa, 3 inakuwa 5, na kwa kuwa anatumia kasoro yake, mchezaji anaeleza jinsi inavyomsaidia: mmoja wa wale wamama anasimama na kukumbusha kwamba usiku alioshikwa na uchungu wa kuzaa, ni Mama Neema aliyetoa pesa ya pikipiki bila kuuliza itarudi lini.

Yote yamo katika tukio hilo dogo. Kasoro haikuwa ubaya mtupu. Ni wema uliokosa mpaka. Ilimgharimu kweli, na gharama ilionekana mbele ya watu. Malipo hayakuja kabla ya mzigo, yalikuja pamoja na mzigo. Na hakuna wakati ambapo dadu au msimulizi alimlazimisha. Yeye mwenyewe alichukua kifuniko.

Wazazi wengine watasema mchezo huu unawalipa watoto kwa kukosea. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake liko kwenye kifuniko. Hakilipwi kwa kosa. Kinalipwa kwa kukubali gharama ya kosa hadharani. Mchezaji akitaka Mama Neema atoe pesa ya watu halafu pasitokee lolote, hapewi kitu. Watoto wanajifunza haraka tofauti hiyo, kwa sababu wao ndio wa kwanza kupiga kelele mwenzao anapotaka malipo bila matata.

Kalamu iko kwa nani

Kanuni nzuri inaweza kuharibika ikiwa kalamu imeshikwa na mtu mwingine. Jambo la kwanza kulindwa ni hili: kasoro inaandikwa na mwenye karatasi. Msimulizi asiiandike, rafiki asiipendekeze kwa kucheka, mzazi asipite nyuma na kusema andika uvivu, ndiyo tabia yako. Kijana akipewa kasoro na wengine, mchezo umegeuka kuwa lile jina la wiki ya kwanza, lakini sasa likiwa na muhuri.

La pili ni zito zaidi katika nchi hii. Kasoro ni ya mtu, haiwi ya kabila. Michezo hiyo yenyewe ilikosea hapo kwa miaka mingi. Katika Dungeons & Dragons viumbe wa aina fulani walielezwa kuwa wakali au waovu kwa kuzaliwa, kundi zima, kabla mmoja wao hajafanya lolote. Wachezaji wengi walilalamika, na kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kimeacha hata neno la zamani lililogawa viumbe kwa mbari na kutumia neno lingine. Huko walikuwa wanabishana kuhusu viumbe wa kubuni. Kivu, Ituri na Tanganyika zinajua inakuwaje sentensi ya namna ile inapoandikwa juu ya watu wa kweli. Watu wa kabila hili ni wasaliti. Watu wa kabila lile ni wezi wa ng'ombe. Sentensi kama hizo zimechoma vijiji. Kwa hiyo kwenye mkeka pasiwepo mhusika ambaye kasoro yake inaanza na jina la watu wake. Ikianza hivyo, karatasi ichanwe, mchezo uanze upya.

La tatu: kasoro na kidonda ni vitu viwili. Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha uliotungwa na Sandy Petersen mwaka 1981, unahesabu afya ya akili ya mhusika kwa pointi. Akiona jambo la kutisha anarusha dadu, pointi zinapungua, na zikiisha amepotea. Kwa anayecheza nyumbani kwake kwa amani, huo ni msisimko wa jioni moja. Kwa mtu aliyepita barabarani na watoto mgongoni huku risasi zinalia nyuma, kurushiwa dadu ili ijulikane kama ameona mambo ya kutosha ni dharau. Anayeshtuka mlango unapopigwa kwa nguvu hana kasoro ya tabia. Ameumizwa. Kidonda kinahitaji mtu wa kusikiliza na, pale anapopatikana, mtaalamu. Hakihitaji pointi.

Wachezaji wenyewe wana dawa ndogo kwa hatari hiyo. John Stavropoulos alipendekeza kadi yenye alama ya X iwekwe katikati ya meza. Mchezaji yeyote akiigusa, tukio linaloendelea linarukwa mara moja, wala haulizwi sababu. Kipande cha katoni na makaa kinatosha kuitengeneza. Sehemu muhimu ni ile ya kutoulizwa sababu. Watu waliohojiwa kwenye kila orodha ya msaada na kila kizuizi cha barabara wanastahili sehemu moja ambapo kunyamaza kunaheshimiwa.

La nne, sentensi iweze kubadilishwa. Katika Fate, kipindi cha mchezo kikiisha, mchezaji anaruhusiwa kuandika upya kasoro ya mhusika wake kulingana na yaliyotokea. Mama Neema, baada ya aibu ya Jumamosi, anaweza kufuta maneno ya zamani na kuandika: anasema hapana, lakini usiku halali. Ni mtu yule yule, na amesogea. Jina la mitaani halina kanuni hiyo. Hakuna siku iliyowekwa ya kulifuta.

Mchezo hauleti unga

Wako watakaosema watu wanahitaji fufu, usalama na kurudi mashambani, wala si hadithi za mkekani. Ni kweli, na hakuna mchezo utakaojaza gunia. Asiyekula tangu asubuhi asiletewe dadu. Lakini maisha ya mhami yana saa nyingi za kungoja: kungoja orodha, kungoja shule ifunguliwe, kungoja habari za kijiji. Saa hizo zinajazwa na kitu fulani kila siku, mara nyingi na simu ya mtu mmoja inayotazamwa na kumi, au na maneno ya uchungu. Saa mbili za kutunga hadithi pamoja hazigharimu franka.

Vikundi vya michezo ya kuigiza vya Kivu vinajua sehemu ya kazi hii. Mara nyingi vimesimama sokoni kuigiza ugomvi wa shamba au wa maji na kuwauliza watazamaji wangefanya nini. Mchezo wa mkekani unaongeza kitu kimoja: hakuna mtazamaji. Kila aliyekaa ana karatasi, ana kasoro, na wote wanaona kwamba na jirani anayo yake.

Walimu, viongozi wa vijana na wamama wanaowakusanya watoto jioni wanaweza kuanza kwa hatua ndogo kuliko mchezo wenyewe. Wampe yule mtoto anayeitwa mwoga karatasi na kalamu, wamwambie atunge mtu na aandike kasoro ya mtu huyo kwa maneno yake. Huenda akaandika kitu cha kuchekesha kisichohusiana naye kabisa, na hiyo ni haki yake. Huenda akaandika: haendi penye giza kabla ya kujua nani yupo. Basi waliomwita mwoga watasoma kwamba hajawahi kukataa maji. Alikuwa anafuata kanuni iliyomfikisha hapo akiwa hai. Kama ni jambo la kuchezea au la kuachwa kimya, yeye ndiye ataamua, kwa kuwa kalamu iko mkononi mwake.